Hongwe akinasa, linda mkono kwanza

Anayevua kwenye milango ya mito na kando ya mikoko hamkwepi hongwe, yule kambare wa baharini. Weka chambo chini, maji yawe na tope kidogo, atakuja tu. Kumvuta si kazi. Kazi ni kumtoa kwenye ndoana.

Ana miiba mitatu: mmoja mbele ya pezi la mgongoni, na mmoja kila ubavu, nyuma ya mashavu. Akishtuka huisimamisha ikakaza kabisa, hata uisukume hailali. Ina vijimeno vinavyotazama nyuma, ndiyo maana huingia kirahisi na kutoka ikirarua nyama. Sumu iko kwenye ngozi inayoifunika. Wadogo ndio ninaowahofia zaidi, maana miiba yao ni mikali kama sindano na watu huwadharau.

Mimi simshiki. Namning'iniza, nabana shina la ndoana kwa plaisi, nalipindua na kutikisa. Uzito wake mwenyewe humtoa. Akiwa ameimeza, nakata mshipi. Akijiviringisha kwenye wavu, kata nyuzi mbili tatu, utashona baadaye. Na aliyekufa bado anachoma, kwa hiyo miiba ikatwe kabla hajaingia gunia, wala vipande visitupwe mchangani: vinapenya kandambili.

Ukichomwa, osha jeraha, kisha tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yapime kwa mkono mzima, kwani uliochomwa huenda umekufa ganzi na utaungua bila kujua. Joto hudhoofisha sumu. Mwenzangu alichomwa kiganjani, maumivu yakampanda hadi kwapani. Maji yale yale ya chai, yalipopoa kidogo, ndiyo yaliyomtuliza. Habari za kufunga kamba, kuchanja na kunyonya damu achana nazo. Hospitali nenda hata ukipata nafuu: kipande cha mwiba hubaki ndani, na kuna pepopunda. Mwiba ukiingia kifuani au tumboni, usiuchomoe. Kimbia na mwiba wako.

Jambo jingine, mchungulie mdomoni. Dume hubeba mayai humo mpaka yaanguliwe, na kipindi hicho hali karibu chochote, hivyo mara nyingi utamkuta wavuni, si kwenye ndoana. Mrudishe majini upesi. Ukimchelewesha atayatema yote chomboni.