Mwanangu, funika desa kwanza

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Umeuliza kama uache huo mtindo wako wa kuuliza uliza kwa nini, ukremu tu madesa, yaani noti za kunakili, na pasti pepa kama wenzako, maana wao wamepita na wewe umepata sapu, mtihani wa kurudia, ya famakolojia, somo la dawa. Ila unaogopa ukikremu tu ubunifu wako utakufa.

Usiache kuuliza. Mi naona shida iko kwenye kurudia desa lile lile na kalamu ya rangi, ukifika mwisho unajiona umeelewa kumbe macho tu yamezoea, halafu kwenye pepa hakuna kinachotoka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia, Roediger na Karpicke, kule Marekani waliwajaribu wanafunzi wa chuo, wengine warudie kusoma habari fulani, wengine waandike wanachokumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima wakakumbuka asilimia 56 na wale wengine 42.

Kwa hiyo funika, jiulize kwa nini mgonjwa wa pumu hapewi propranolol, ile dawa ya moyo na presha, jibu kwa sauti, ndo ufunue. Ukishajua inaziba pia vipokezi vya beta 2 vya kwenye njia ya hewa, vile vinavyosaidia njia zitanuke, ndo maana zinabana, hiyo huna haja ya kuikremu tena, hapo ile 'kwa nini' yako imekusaidia kukumbuka. Pasti pepa nazo zifanye kama mtihani kabisa, usianze kuangalia majibu.

Najua inauma, kila siku unaona mapengo yako. Lakini hapo hapo ndo moyo unapokomaa mwanangu. Miaka yote niliyokaa wodini, madaktari wa intanshipu ninaowaona wanavunjika sio wasiojua, ni wale ambao hawajazoea kukosea, daktari bingwa akimuuliza mmoja wao swali moja kwenye wodi raundi akakosa basi wiki nzima hayupo sawa. Aliyezoea kujikosoa chumbani kwake anasema sijui dokta, ntaangalia, na jioni kweli anaangalia.

Na ubunifu unaoogopa utakufa, hauji kwenye kichwa kitupu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, aliitwa kuona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, muda mfupi baadaye akiwa mji wa Jinja, huko huko Uganda, akaona mwingine wa hivyo hivyo. Alijua vya kutosha kushtuka kwamba hii sio kawaida, akaanza kupekua mafaili, akatuma maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, na 1961 akapanda gari na wenzake wawili kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini wanauliza hospitali kwa hospitali, ndo ikaonekana uvimbe ule, ambao ni kansa, unafuata maeneo ya joto na mvua, kama malaria. Kukremu peke yake kungemwonyesha nini kwenye taya zile? Ni kujua pamoja na kuuliza.

Na ulale, tafadhali, ulichosoma kinakaa ukiwa umelala, kukesha siku tatu mfululizo sio msuli huo.

Jumapili nipo off, nipigie mchana unifundishe dawa za presha bila kushika karatasi, mi ntakuwa na kitabu mkononi. Hela ya kula nimetuma, usikae na njaa.

Mama