Mota na skrubu za CNC ya kujitengenezea: anza na skrubu

Ndugu, nimekuelewa: unaunda CNC, yaani mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, hapo Kariobangi, meza ya milimita 1200 kwa 600, na unataka mota za NEMA 34 zizungushe nondo za nyuzi za hadwea kama skrubu za kuisogeza mashine. Mimi ningegeuza bajeti: mota ndogo, skrubu bora.

NEMA ni kipimo cha kawaida cha mota; hiyo 34 ni ukubwa wa uso wa mota, si nguvu. Kwa mbao, NEMA 23 yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 2 hadi 3 inatosha. Ipe volti 36 au 48 kama draiva (kifaa kinachoiendesha mota) inakubali, kwa sababu mota ya stepa, yaani hii inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, hupoteza nguvu kadiri inavyokimbia, na volti ndogo huharakisha hali hiyo.

Nondo ya hadwea ina msuguano mwingi na nati yake hulegea mapema. Chukua skrubu ya gololi (nati yake ina gololi ndani) 1605: kipenyo milimita 16, mzunguko mmoja husogeza nati milimita 5. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko inakupa milimita 0.025 kwa hatua. Dukani, shika skrubu, sukuma nati mbele na nyuma. Ukisikia nati inachezacheza, iache. Upande wa 1200 nenda kipenyo cha 20, maana nyembamba hutikisika ikizunguka kasi.

Angalizo la mhimili wa juu-chini: skrubu ya gololi haijifungi. Umeme ukikatika, spindo (mota inayozungusha kisu) ikiwa nzito inaweza kushuka yenyewe, kwa hiyo weka breki.

Usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme, draiva inaweza kuungua. Nyaya za 240V na athi, mwite fundi umeme mwenye leseni.