Moyn hasemi 1948
Hapana mkuu, umemgeuza Moyn uliposema kwamba kwake haki za binadamu zilianza 1948. Samuel Moyn, mwanahistoria wa Marekani, anasema harakati za haki za binadamu hazikuanza na Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948, zilishika kasi miaka ya 1970, pale wapinzani wa Ulaya Mashariki walipowabana watawala wao kwa Mkataba wa Helsinki wa 1975, wenye ahadi ya kuheshimu haki za binadamu, ambao hao watawala waliusaini wenyewe. Charter 77, tamko la wapinzani wa kule Prague, Chekoslovakia, ni mfano mzuri. Ninayo fotokopi ya maandishi yake niliyotoa Mwanjelwa, kurasa mbili zimefifia lakini hapo panasomeka. Ila wapo wanaompinga: mwanahistoria Steven Jensen anarudi hadi miaka ya 1960 na kuitaja Jamaica, iliyozipigania haki hizo Umoja wa Mataifa. Mimi niko na Jensen. Maana Moyn anaona wapigania uhuru wa Afrika walidai dola yao huru kuliko haki za mtu mmoja mmoja. Wazee wa TANU kule Tukuyu wangemgomea.