Alipwe kwa ujazo, na lori lipimwe kwanza

Ndugu, umeuliza kama halmashauri imlipe mkandarasi wa kuzoa kifusi cha mafuriko kwa siku au kwa tripu. Mimi nasema kwa ujazo. Ukilipa kwa siku, kijiko, ile mashine ya kuchotea, kitashinda kinanguruma na rundo lipo palepale. Ukilipa kwa tripu tu, lori litaondoka na nusu ya mzigo.

Marekani baada ya kimbunga, bodi ya kila lori hupimwa kabla ya kazi, likapewa namba ubavuni. Kila tripu ina tiketi yake. Dampo kuna mnara wa mbao. Msimamizi, ambaye si mtu wa mkandarasi, huchungulia bodi kutoka juu na kuandika limejaa asilimia ngapi. Lori la mita za ujazo 20 lililojaa asilimia 60 hulipwa mita 12. Achungulie kwa makini, maana matawi hudanganya macho: lori laonekana limejaa, kumbe ndani ni hewa tupu.

Tope ni habari nyingine. Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023, Mlima Hanang uliposhusha tope, mawe na magogo hadi mjini, mzigo ulikuwa mzito na chini yake kulikuwa na watu. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba: dereva wa kijiko akiona nguo au kitu cha mtu, azime mashine na aite polisi, na muda huo alipwe.

Dampo nalo litajwe kwa jina, mbali na mto. Na zabuni muitangaze kiangazi, kabla mvua hazijaanza.