Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ujenzi: Nyumba Mpya ya Mama Isiyokalika Mchana

SWALI: Kwako mhariri, salamu. Ninafanya kazi Nakuru, na mwaka uliopita nilimjengea mama nyumba ya vyumba vitatu huko Ahero, katika uwanda wa Kano, kwa matofali ya saruji, mabati na madirisha ya vioo. Kila ikifika saa sita mchana mama hutoka akaenda kuketi katika jiko lake la zamani la udongo na nyasi, na siku nyingine hulala humo humo, hata majirani wanasema ameikataa nyumba ya mwanawe. Sasa mdogo wangu anataka kujenga katika boma hilo hilo, na amekusudia kuezeka nyasi juu ya nyumba ya saruji ili iwapendeze wazee. Je, hivyo ndivyo ya kale yanavyochanganywa na ya kisasa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yetu, mama hajaikataa nyumba, amelikimbia joto lake. Jiko lile lina ukuta mnene wa udongo ambao hunywa joto polepole mchana kutwa, lina nyasi ambazo jua haliwezi kuzipenya, paa lake limeteremka chini hata likautia ukuta kivuli, na juu ya ukuta umeachwa uwazi wa kutolea hewa moto na moshi. Nyumba yako haina hata kimoja kati ya hivyo vinne, na mdogo wako anapanga kurudisha kimoja tu, tena kwa ajili ya macho zaidi kuliko ubaridi. Nyasi ni paa jema, lakini zinataka mwinamo mkali ili maji yasitue, zinataka fundi wa kuzirudia kila baada ya miaka michache, na huogopa moto. Siku hizi hata nyasi zenyewe hazipatikani kama zamani, kwa kuwa malisho mengi yamelimwa.

Mwambie basi aziache sura za nyumba ya kale na achukue kazi zake. Kisumu na Kano ziko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya paa karibu mwaka mzima, na kuta zinazoumia ni zile zinazotazama mashariki na magharibi. Nyumba na iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta zake fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni, na madirisha yakae kaskazini na kusini yakitazamana ili upepo upite. Iwapo desturi ya dala, yaani boma la Wajaluo, inautaka mlango uelekee langoni, na lango liko upande wa jua, baraza pana mbele ya mlango litamaliza ugomvi huo. (Mambo ya mila ya kuanzisha boma, kama jogoo, shoka na nani atangulie kujenga, si ya safu hii, hayo waulizwe wazee kabla fundi hajapiga kigingi.)

Kwa paa, mabati hayana budi kutengwa na chumba. Msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alipoijenga shule ya msingi ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001, aliyainua mabati juu ya dari ya matofali ya udongo ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Nyumbani si lazima ufike huko. Weka dari iliyozibwa vizuri, kisha iache nafasi iliyo juu ya dari ipumue pande zote mbili kupitia wavu wa waya unaozuia popo.

Hapa ndipo ninapoachana na nyumba ya kale. Ule uwazi kati ya ukuta na paa ulitoa moshi, lakini ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria katika nyumba zetu za kandokando ya ziwa: Anopheles gambiae akikutana na ukuta hupanda nao hadi juu na kuingilia hapo. Hewa ipite juu ya dari. Chumba cha kulala kizibwe, na madirisha yake yawe na wavu.

Kuhusu msingi, ule udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hupasua kuta pamoja nao. Uondolewe hadi mafundi wafikie ardhi imara, shimo lijazwe moramu iliyoshindiliwa, na msingi ufungwe kwa mkanda wa zege wenye nondo. Sakafu iinuliwe kupita alama ya gharika kubwa kuliko zote ambazo wazee wa hapo wanazikumbuka. Mto Nyando hausomi ramani ya fundi.

Nyumba ya mama bado inaweza kuokolewa. Tia dari, paka mabati rangi nyeupe, ongeza baraza upande wa magharibi, na jiko lake usilibomoe.

SWALI: Hapa Kakamega tuna udongo mwekundu tele. Nichome matofali, au nitumie yale ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine?
Mama wa watoto wanne, Kakamega

JIBU: Mama, ningechagua ya kushindiliwa, kwa sababu tanuri hula miti mingi na matofali yake mengi hutoka yamepinda. Haya ya kushindiliwa ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, na kwa kuwa yanafungamana yanahitaji chokaa kidogo cha kujengea. Kwanza tia udongo wako katika chupa ya maji, utikise, uache utulie hadi kesho yake: mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Yakishatoka mashineni yafunikwe na yanyunyiziwe maji angalau wiki moja; mafundi wengi huruka hatua hii, kisha lawama huangukia udongo. Kwa mvua za Kakamega, ukuta usikose paa lililotokeza nje vya kutosha. Paa hilo hilo litakupa maji, kwani milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja: paa la mita 80 za mraba likipata milimita 20 jioni moja, ni lita 1,600, ukitoa zinazomwagika. Nunua tangi kabla ya vigae vya sakafuni.

SWALI: Ushauri wenu kuhusu kupitisha upepo unatufaa sisi wa Molo?
Mkulima, Molo

JIBU: Haukufai, mzee wangu. Kisumu iko kwenye kimo cha takriban mita 1,130 juu ya bahari, nanyi mko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, kwa hiyo karibu yote niliyomwambia ndugu wa Kano yageuze. Sebule ielekee jua la asubuhi, madirisha ya upande wa upepo yawe madogo, na ukuta mnene wa udongo uubakize, maana huko kazi yake ni kutunza joto la mchana hadi usiku. Dari ni ya lazima hata kwenu, ila jiko la kuni lipewe dohani ipitayo juu ya paa, kwa kuwa kwenye baridi hakuna anayefungua dirisha.