Injini si tatizo, anasa ndiyo tatizo: ushauri kwa anayetaka kufufua Cadillac ya zamani nyumbani

Watu wakiniuliza habari za kufufua gari la kifahari la Kimarekani huanza na injini. Inawaka? Imekwama? Spea zinapatikana? Huwa nawajibu kwamba wameanzia upande rahisi. Ningekuwa nanunua gari la namna hiyo leo, ungenikuta nimechuchumaa nikikagua taa za nyuma, vitasa, mapambo ya krome na swichi za vioo, na boneti hata sijaigusa.

Langu ni Cadillac De Ville ya 1968, ya milango minne. Mwaka huo ndio Cadillac walitoa injini mpya ya V8 ya inchi za ujazo 472, yaani lita 7.7, yenye nguvu farasi 375 kwa vipimo vya wakati ule. Ni dude, lakini halina maajabu: kabureta moja, distributa moja ya kugawa cheche kwenye plagi, kamshafti moja katikati (mhimili unaofungua vali), kompyuta hakuna. Fundi aliyezoea injini za zamani ataielewa asubuhi moja, na gasketi na pampu zake bado unaagiza mpya. Sasa katafute lenzi ya taa ya nyuma isiyo na ufa, au utepe wa krome wa mlango wa nyuma ambao haujapinda. Vitu vya namna hiyo mara nyingi utavipata kwa kuvinyofoa kwenye gari jingine lililokufa, na mwenye gari hilo anajua fika kwamba huna pa kwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nunua gari lililokamilika, hata kama haliwaki. Bora injini iliyokufa na mapambo yote kuliko injini inayonguruma na bodi iliyochunwa. Krome ikague kwa kidole. Vipande vingi vya mapambo si chuma, ni zinki ya kumimina, na zinki ikianza kuliwa hutoa vipele vidogo chini ya krome. Kuvirudisha ni kuchubua krome yote, kuchimba vipele, kujaza shaba, kusugua, kisha kupaka krome upya. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani, na bei yake inauma.

Kutu nayo ina maficho yake. Kama paa limevalishwa vinaili, shuku. Maji hujipenyeza chini yake na kukaa humo miaka, hasa kwenye ukingo wa chini wa kioo cha nyuma, kisha yanashukia kwenye buti. Ng'oa zulia la buti uone sakafu. Lala chini uangalie chesisi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Bodi unaweza kuichomelea polepole. Chesisi iliyooza ni sababu ya kuaga na kwenda zako.

Halafu pima gereji. Gari hili lina urefu wa takriban mita 5.7, na hapo hujafungua mlango wala buti, wala hujapata mahali pa kuweka viti viwili virefu kama makochi.

Kabla ya spana, nunua vitabu. Nasema vitabu kwa sababu ni viwili: cha ufundi cha Cadillac cha mwaka wa gari lako, na kile cha Fisher Body, kampuni iliyotengeneza bodi za magari ya General Motors. Wengi hununua cha kwanza tu, halafu wanashangaa hawaoni jinsi ya kufungua mlango au kutoa mota ya kiti. Mambo hayo yamo kwenye cha pili. Usomee pia kibati cha Fisher kilicho chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Namba zake zinakwambia rangi ya kiwandani na aina ya vitambaa vya ndani, na huenda ukagundua gari lako jeusi lilizaliwa kijani.

Sasa kazi. Msimamo wangu, na wengine hawaupendi, ni kutolifumua gari lote kwa mpigo. Magari mengi hufa yakiwa kwenye maboksi. Fumua mfumo mmoja, umalize, urudishe, gari libaki linaweza kusogea. Anza na breki, kwa sababu ni tani mbili na zaidi zinazotaka kusimama. Badilisha mipira yote ya breki hata ile inayoonekana mizima. Kwa ndani huvimba na kuziba, ukiachia pedali gurudumu linabaki limeshikwa. Silinda za magurudumu karibu zote zitakuwa na kutu, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa hewa kamwe. Lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Lowesha, futa, tupa kitambaa.

Ukifika kwenye injini, usiiwashe kwa petroli iliyolala tangini. Toa tangi, lisafishe, badilisha mipira yote ya petroli kwa ile inayostahimili ethanoli, kwani petroli ya siku hizi hulainisha mipira ya zamani na moto wa chini ya boneti huanzia hapo. Weka kizimamoto karibu. Chomoa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, uzungushe krenki kwa mkono kabla ya kugusa starta. Na kuna gia ya kamshafti. Kiwandani meno yake yalivikwa nailoni ili injini iwe kimya, nailoni hiyo huzeeka, ikakatika, vipande vikaangukia kwenye chujio la pampu ya oili. Weka gia ya chuma tupu hata kama injini inaunguruma vizuri. Oili chagua yenye zinki ya kutosha kwa ajili ya kamshafti ya mtindo huo. Basi, injini imekwisha.

Sasa tuje kwenye anasa yenyewe. Anasa za Cadillac ya miaka hiyo zinaendeshwa nusu kwa umeme na nusu kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Vilango vya hewa ndani ya dashibodi vinasukumwa na vakyumu. Breki ya mkono, ambayo kwao ni ya mguu, hujiachia yenyewe ukiingiza gia, na kinachoiachia ni vakyumu. Mipira yake ni myembamba kama mirija ya soda, imepita kila mahali, na baada ya miaka hamsini imekauka na kupasuka.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Injini inatetemeka ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, wanafumua kabureta, wanabadilisha distributa, bado inatetemeka. Kumbe hewa inaingia kupitia mpira uliopasuka nyuma ya redio. Nunua pampu ndogo ya vakyumu ya mkono yenye geji. Ziba matawi yote pale yanapotoka kwenye injini, washa, sikiliza. Ikitulia, injini yako haina kosa. Kisha unganisha tena tawi mojamoja, pima kila mpira na kila kifaa: ukivuta na sindano ikashuka, umempata mwizi. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini haigharimu karibu chochote.

Vioo vya umeme vinahitaji tahadhari ya kweli. Kwanza usihukumu mota. Mara nyingi grisi kwenye reli imegeuka gundi, au swichi imeota ukungu, au waya wa eathi umelegea. Safisha hivyo kwanza. Ikibidi kutoa mota, ujue ndani ya mlango kuna springi iliyojikunja inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukiondoa mota bila kufunga mkono wa mtambo kwa boliti, springi inafyatuka na meno yale ya chuma yanaweza kukukata vidole. Kitabu cha Fisher kinaonyesha mahali pa kuufungia. Fuata.

Kiyoyozi mpelekee fundi mwenye mashine. Kilitumia gesi ya R-12, ambayo nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995 kufuatana na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, kwa hiyo wengi huugeuza mfumo utumie gesi nyingine, R-134a. Wewe shughulika na vilango na mota ya feni.

Rangi iwe mwisho. Kupiga msasa, kuchomelea na kunyoosha nitakubali nyumbani, ukivaa barakoa nzuri, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Kupuliza rangi za kisasa za kuchanganya na kigumu sikushauri. Zina isosianati, kemikali zinazodhuru mapafu, na kinyago cha kawaida si kinga ya kutosha. Mpe mwenye chumba cha kupulizia. Na kama unahesabu faida, hesabu kabla hujaanza: ya milango minne hununuliwa rahisi kuliko ya paa la kukunja, lakini krome na rangi zinalipwa bei ileile, na ukiuza huzirudishi. Mimi bado ningechagua milango minne. Injini ileile, viti vilevile, na simnyimi mtu nafasi.

Safari za mwanzo ziwe fupi, na tairi ziwe mpya hata kama za zamani zina kashata ndefu. Soma tarehe ubavuni. Giaboksi ipime mafuta ikiwa imepata moto na injini inaunguruma. Kila ukirudi, gusa vitovu vya magurudumu: lile lililo moto kuliko mengine, fungua breki yake kabla hujatoka tena.