WRX inagonga injini ikipata moto, oili nzito imepunguza sauti: niendelee kuitumia?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, injini ya EJ20 yenye turbo. Kwa wiki mbili sasa injini inagonga, ko-ko-ko, lakini ikishapata moto tu. Asubuhi imetulia. Nikifika mizunguko 2,500 halafu nikaachia mafuta, sauti inazidi. Taa ya oili haiwaki. Fundi wa mtaani kwetu amemwaga oili akaweka 20W-50 na chupa ya dawa ya kunyamazisha injini, na kweli sauti imepungua. Niendelee kuitumia? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa.

Ungeniambia inagonga asubuhi na kunyamaza ikipata moto, ningeshuku pistoni zinazocheza kidogo kwenye silinda. EJ nyingi zina mlio huo na zinaishi nao miaka. Mlio wa bati unaotokea kwenye mizunguko fulani tu ningeutafuta kwenye kinga ya joto ya ekzosi. Wako ni kinyume. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na hapo ndipo nafasi iliyopanuka kati ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) na krenki (shafti inayozungushwa na mikono hiyo) inapojitokeza. Ukiachia mafuta mzigo unageuka, konrodi inarushwa upande wa pili. Nashuku beringi ya konrodi, ile inayokaa kati yake na krenki, imelika.

Sasa hiyo oili nzito. Gari za namna hii naletewa mara kwa mara, na karibu zote zimepitia chupa kama hiyo. Nafasi kati ya beringi na krenki ni kama 0.02 hadi 0.05 mm, nyembamba kuliko unywele, na oili yenye presha ndiyo inayozuia chuma kisiguse chuma. Beringi ikishalika, oili nzito inajaa kwenye pengo na kupunguza kishindo. Sauti inashuka, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa, na chuma kinaendelea kusagika. Tena kwa baridi ya asubuhi ya Arusha oili hiyo inachelewa kufika kwenye turbo na kwenye beringi hizohizo. Hakuna dawa ya chupa inayorudisha chuma kilichokwisha lika. Anayekuuzia kama tiba anakudanganya, hata kama yeye mwenyewe anaiamini.

Taa ya oili nayo isikutulize. Swichi yake inaiwasha presha ikiwa imekaribia sifuri, na kwa kawaida madhara yameshatokea.

Anza na filta ya oili. Ifungue, ikate, tandaza karatasi yake juu ya kitambaa cheupe mahali penye jua. Ukiona chembe zinazong'aa, za rangi ya fedha au shaba, na sumaku haizivuti, hiyo ni beringi na upimaji umeishia hapo. Usipoona chembe, fundi aondoe swichi ya oili na kufunga geji ya presha mahali pake. Injini ikiwa moto, kanuni ya gereji ni presha ya takriban psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000. Halafu achomoe waya wa koili moja moja kwa muda mfupi. Silinda ambayo mlio unapungua ikikatwa ndiyo yenye tatizo.

Ikithibitika, injini inafunguliwa yote. Asije mtu akakubandikia beringi mpya juu ya krenki yenye mikwaruzo. Krenki ipimwe, ikibidi ichongwe. Bomba la kunyonya oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) likaguliwe, maana kwenye EJ linajulikana kwa kupasuka. Kipoza oili kibadilishwe, kwa sababu chembe zinajificha humo na kuja kuua beringi mpya.

Watu wanasema boksa, injini ya silinda zilizolala kama hii ya Subaru, ni injini dhaifu. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, kwenye vumbi na mawe ya Kenya. Zinazokufa mikononi mwetu nyingi zimekosa oili. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki kuna takriban lita 1 tu, injini ya turbo inaila kimyakimya, na mwenye gari anasubiri tarehe ya sevisi ndipo avute stiki.

Na mnaotafuta WRX, Altezza au gari lolote la mbio lenye umri: chupa hiyohiyo ndiyo inayomwagwa siku moja kabla mnunuzi hajafika. Fika bila kutarajiwa, injini ikiwa baridi. Endesha nusu saa, simama, panda hadi 2,500, achia mafuta, sikiliza. Muuzaji akikwambia dakika tano zinatosha, mrudishie funguo.

Wewe wa Arusha, ita gari la kuvuta. Konrodi ikikatika inatoboa bloku, na bloku iliyotobolewa hatuifufui.